Kelele za Bandani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nzilani alifagia banda la kuku nyuma ya chumba chao, mtaani Kambi Muru. Shuleni walifundishwa kwamba jogoo huwika na kuku akitaga hutetea, naye akajiona bingwa wa sauti hizo. Siku nne mfululizo alisikia kelele kali bandani, lakini alipokimbia kuchungulia alikuta kiota kitupu. Na kila mara Bridgit, rafiki yake wa mlango wa pili, alikuwa akipita hapo na jagi lililofunikwa kitambaa.

“Kuku ametetea. Yai liko wapi?” alijiuliza. Shaka ilimwingia ikagoma kutoka. Hata kicheko cha Bridgit darasani alikiona cha mwizi.

Jumamosi kelele zilipoanza, hakuchungulia tena. Alimkimbilia Bridgit hadi bombani, ambako watu walikuwa wamepanga mitungi.

“Wewe, ngoja! Uko na nini kwa hiyo jagi?”

“Ni uji ya nyanya yangu. Anakaa hapo karibu na bomba.”

“Wacha uongo! Mnatuibia mayai!”

Bridgit alifunua jagi. Uji wa wimbi ulikuwa bado unafuka mvuke. Bridgit akaondoka akilia mbele ya foleni nzima.

Mama yake Nzilani, aliyekuwa akiteka maji, alimshika binti yake mkono akamrudisha bandani. Kelele zilikuwa hazijakoma.

“Sikiliza vizuri. Huyo anatetea?”

“Ndiyo, mama.”

“Hapana. Kuku akitetea husema ko-ko-ko-kooo, anatulia, anaanza tena, akitembea kwa raha zake. Huyo anapiga nduru. Ameona adui.”

Nzilani aliinua macho. Juu ya mabati, kunguru alikuwa akilidonoa yai. Wavu wa banda ulikuwa na tundu.

“Kwa hivyo Bridgit...”

“Masikio yako yalisikia kelele tu, mwizi ukamtunga mwenyewe. Usitaje jina la mtu kabla ya kuchunguza. Sasa, ulimtukana mbele ya watu. Utamwomba msamaha wapi?”

“Mbele ya watu,” alinong’ona.

Waliziba tundu kwa waya. Jioni foleni ya maji ilikuwa ndefu zaidi. Nzilani alisimama katikati yake.

“Bridgit hakuiba. Ni mimi nilimsingizia. Nisamehe, Bridgit.”

Bridgit aliweka mtungi chini.

“Sema tena,” alisema. “Nyanya hajasikia.”

Nzilani akasema tena, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni kwa nyanya.