Mkasi Ndani ya Koti

Kila asubuhi ya likizo ile, kabla hatujaenda hospitali, nilimtungia Mama sindano. Mama ni fundi cherehani, na siku hizo nguo alizozishughulikia zaidi zilikuwa zake mwenyewe. Wiki hii anapunguza kiuno, wiki ijayo anabana kola. Kila gauni lilimkaa sawasawa, na majirani waliopita dirishani walisema, "Fundi, ugonjwa haukupunguzi hata kidogo!" Mama alicheka. Mimi sikucheka, maana vipande alivyokata nilivifagia mimi.

Mama alikuwa na uvimbe wa saratani kooni. Daktari alipanga atibiwe kwa mionzi mara thelathini na tano, siku tano kwa wiki, nasi tulikuwa tumefika ya kumi na tano. Nyumbani wananiita Kiherehere tangu utotoni, lakini wakati ule hata mwenyewe nilijichosha. Nilitafuna kucha, nilihesabu vigae vya sakafu, niliuliza saa kila baada ya dakika mbili.

Siku moja, kwenye benchi la kusubiri, mwanamke mmoja alimnong'oneza Mama: "Jihadhari, shoga. Ukikonda sana wanakutoa kwenye mashine. Wanakwambia nenda nyumbani kwanza ukapate nguvu."

Tulipofika nyumbani Mama alishona mfuko mkubwa ndani ya koti lake. Humo alitia mkasi wake wa kazi na vile vyuma viwili vizito vya kukandamizia kitambaa kisiteleze.

"Wakinitoa kwenye mashine nitakufa, mwanangu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Kwa hiyo funga mdomo."

Nikafunga. Jumatatu muuguzi alipompima uzito, Mama alisema anasikia baridi, akapanda mizani na koti lake. Uzito ukawa uleule wa mwanzo.

"Uji anaumaliza?" muuguzi aliniuliza.

"Anaumaliza," nilisema. Kweli uji uliisha kila siku, ila aliyeumaliza ni mimi. Mama alikuwa akimeza vijiko viwili, machozi yanamtoka, kisha ananisukumia bakuli.

Alhamisi, tukiwa njiani kurudi, Mama alisema, "Leo nimegeuza kidevu ndani ya kile kinyago. Siku hizi hakinibani." Aliongea kama mtu aliyepata nafuu. Kinyago hicho cha plastiki yenye matundu kilimfunika uso na shingo, kikafungwa kwenye kitanda cha mashine ili asitikisike. Kila siku mtaalamu wa mashine alimuuliza kama kinabana, na kila siku Mama alijibu, "Kama siku ya kwanza."

Ijumaa nilimfuata mtaalamu yule mlangoni.

"Shikamoo. Hivi kinyago kikilegea, inakuwaje?"

"Marahaba. Mbona swali zito hivyo?" Aliinama kidogo. "Siku ya kwanza tulikilainisha kwa maji ya moto, tukakilaza usoni mwa mama yako mpaka kikagandia umbo lake. Tukampiga picha za ndani, tukapanga mionzi ipite wapi. Sasa, mionzi haina macho. Inakwenda pale ilipopangiwa. Mtu akikonda, au uvimbe ukisinyaa, vitu vya ndani vinahama. Tunaweza kuukosa uvimbe, tukaunguza tezi za mate, au hata uti wa mgongo. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu," nikasema, nikakimbia.

Jumamosi na Jumapili sikukaa kitako. Nilifagia chumba mara tatu, nikachoma kidole kwa sindano, nikavunja kikombe. Nikisema, Mama atatolewa kwenye mashine. Nisiposema, mashine yenyewe itamuumiza. Mama alinitazama akasema, "Wewe leo umekalia siafu?" Nikataka kulia.

Jumatatu ikafika. Mama akapanda mizani. Muuguzi akaanza kuandika.

"Usiandike!" nilipiga kelele. Niliingiza mkono ndani ya koti, nikatoa mkasi, kisha chuma cha kwanza, kisha cha pili, nikavipanga mezani. "Na uji huwa nakunywa mimi."

Mama alinitupia jicho ambalo sitalisahau. Muuguzi alimvua koti taratibu, akampima tena. Kilo nne zilikuwa zimepungua. Akaenda kumwita daktari.

Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani, alivitazama vile vyuma, akavuta kiti, akaniuliza sababu. Nikamweleza neno tuliloambiwa benchini. Akamgeukia Mama.

"Nani amekwambia tunafukuza watu?"

Mama alilivuta koti lake magotini. Daktari akaendelea:

"Wewe ni fundi. Mteja akikonda baada ya kupimwa, unamwambia nenda zako?"

"Hapana," Mama alisema polepole. "Nampima upya."

"Basi na sisi tunapima upya. Shida ni kwamba hatuwezi kumpima anayejificha."

Siku ileile walimtengenezea kinyago kipya, wakampiga picha nyingine. Picha zilionyesha kwamba uvimbe umesinyaa karibu nusu, na tezi ya mate imesogea mpaka njiani mwa mionzi. "Hatujachelewa," daktari alisema. "Ila tungeendelea hivi, tungeiunguza." Mama akapewa dawa ya kutuliza koo kabla ya kula, nao wakakaa siku mbili kupanga mionzi upya.

Siku hizo mbili Mama alinipa mgongo. Alishona pini zikiwa mdomoni, nami nikazunguka chumba nikijiuliza kama nimempoteza kwa njia nyingine.

Siku ya tatu alitoka kwenye chumba cha mashine mashavu yamejaa alama za matundu ya kinyago. "Kinabana," alisema, na akanishika mkono hadi nyumbani.

Tulipofika aliweka koti mezani, akanipa mkasi. "Fumua ule mfuko."

Nilipokuwa nafumua, akasema, "Nilisikia neno la benchini, nikaogopa kuuliza. Nikapunguza magauni ili watu wasione, nikakufundisha uongo na wewe. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Mimi nakuongezea la ufundi: kipimo cha jana hakishoni nguo ya leo. Mwili ukibadilika, mwambie anayekutibu, hata kama unaogopa jibu. Na ukiona mtu wako anajificha, fanya ulivyofanya, hata akikukasirikia."

"Umenikasirikia bado?"

"Kidogo. Lete uji."

Nikauleta. Akanywa kijiko, akapumzika, akanywa kingine. Nilikaa mbele yake nimetulia, wala sikuuliza ni saa ngapi, mpaka alipogeuza bakuli kunionyesha kwamba limebaki tupu.