Mahali pa Chupa ya Asali

Asubuhi hiyo, ndugu zangu, ungepita nyumbani kwa Xavery, kule nyuma ya seminari ya Kipalapala, ungesema hapa amani imepata makao. Kuku walikuwa wakiparura uani. Levina, mke wa Xavery, alifagia huku akiimba wimbo wa kwaya, na Bibi Advera, mama mzazi wa Xavery, alikaa kwenye kigoda akimenya karanga. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, asione ila mwanga na vivuli. Lakini mikono yake! Karanga mbovu aliitupa pembeni kabla wewe mwenye macho hujaiona.

Bibi huyu aliona kwa mikono. Chumvi ilikaa kwenye mkebe wa bati, kiberiti kizingitini mwa dirisha, na chupa ya asali mwisho kabisa wa rafu ya jikoni, upande wa ukutani. Kila kitu kikikaa mahali pake, alipika, aliosha vyombo na kumlea mjukuu wake Jenifa kama mtu mwenye macho mazima. Kikihama hata shubiri moja, ndipo alipokuwa kipofu.

Na mwanawe alikuwa hodari wa kuhamisha. Xavery hakuwa mlevi wala mvivu; kwa jembe ungemvulia kofia. Ila tangu utoto wake hakujua kurudisha kitu alipokitoa. Stoo aliyoijenga mwenyewe ilijaa mizinga mibovu ya nyuki, magunia yaliyotoboka na baiskeli isiyo na magurudumu, hata mlango ukawa haufunguki. Ukimwuliza, jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Nitapanga Jumamosi." Jumamosi gani, hata yeye hakuijua.

"Mwanangu," mama yake alimwambia mara nyingi, "babu yangu alikuwa mpagazi, alitembea na misafara mpaka pwani. Alisema mpagazi asiyejua alipofunga chakula chake atalala na njaa huku amekibeba."

"Mama, siku hizi tuna pikipiki," Xavery alimjibu akicheka.

Ulikuwa msimu wa vitalu vya tumbaku. Asubuhi hiyo Xavery alikuta dumu la dawa ya wadudu limepasuka na linavuja. Akaokota chupa tupu, aina ileile wanayotilia asali, akaimimina dawa humo, nzito kama asali yenyewe. Lile dumu akalitupa, hakumbuki wapi. Akausukuma mlango wa stoo, ukagoma. Basi akaingia jikoni, akaisogeza asali katikati ya rafu, na dawa akaiweka kule mwisho, ukutani, ili mtoto asiifikie. Tena alijiona amefanya busara.

Levina alimwona. "Baba Jenifa, hiyo si dawa ya tumbaku? Jikoni?"

"Kwa muda tu. Jioni naitoa."

"Basi mwambie mama."

"Nitamwambia."

Akachukua jembe, akateremka bondeni kwenye vitalu. Hakumwambia. Levina naye, akiamini mumewe ameshasema, akabeba ndoo akaenda kisimani. Naomba msimlaumu mmoja tu.

Jenifa alikuwa na kikohozi. Vumbi la kiangazi lilikuwa limewashika wote, na Bibi Advera mwenyewe pua zilikuwa zimeziba, hasikii harufu yoyote. Akapasha maji, akapeleka mkono mwisho wa rafu, akaikuta chupa pale ilipokaa miaka yote. Akamimina kikombeni, akakoroga.

Desturi yetu mnaijua. Anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza, uone kwamba hakina baya. Bibi Advera hakuiacha desturi hiyo hata kwa mjukuu. Naye kwa kuwa kifua kilimbana, hakuonja kidogo, alipiga mafunda.

Koo likawaka moto. Kikombe kikamponyoka.

"Usinywe! Usiguse! Kimbia, mwite baba yako!"

Xavery alipofika, mama yake alikuwa chini, jasho linamtoka na mate yanamjaa mdomoni. Aliitazama rafu, akaelewa. Pikipiki ilikuwa uani na mafuta yamo, lakini ufunguo uko wapi? Alikung'uta godoro. Akamwaga kikapu cha nguo. Akapekua makopo, akapekua magunia, huku Levina, aliyekuwa amesharudi, amempakata mkwewe akipiga kelele, "Baba Jenifa, anakufa! Anakufa!" Jirani mwenye pikipiki, Amon, alikuwa amekwenda nayo mbali, Mtendeni. Ufunguo ulikuja kuonekana kwenye mfuko wa koti, chini ya rundo la nguo chafu, baada ya muda ambao Xavery anasema ulikuwa mrefu kuliko maisha yake yote.

Hospitalini daktari aliuliza, "Ni dawa gani? Lebo iko wapi?"

Lebo ilibaki kwenye dumu, na dumu hakujua alilitupa wapi. Madaktari walihangaika kwa kadiri walivyoweza.

Alasiri Bibi Advera alimpapasa mwanawe usoni.

"Mtoto alikunywa?"

"Hakunywa, mama."

"Basi," alisema. Kabla ya jua kuchwa alikuwa amefariki.

Tulimzika. Yalipoisha maombolezo, Xavery aliibomoa stoo yake. Alichoma magunia, akatundika funguo kwenye msumari mmoja, akajenga kabati lenye kufuli mbali na jiko. Leo nyumba ile imepangika kiasi kwamba asiyeona angetembea humo asijikwae popote. Nilipomsifu, alilia kama mtoto. "Nimempangia nani?" aliniuliza.

MAFUNZO

Ndugu zangu, fujo ya nyumbani si aibu ya mbele ya wageni tu. Inaua. Kila kitu kipe mahali pake, na ukikitoa, kirudishe wewe mwenyewe siku ileile. Dawa ya shamba isiingie jikoni kamwe, wala isimiminwe kwenye chombo cha chakula au kinywaji. Iache na lebo yake, ifungie. Ufunguo uwe na msumari wake. Kisichofaa kitupe kabla hakijaziba njia ya kinachofaa. Ukihamisha kitu, sema, na mwenzako ahakikishe kimesemwa, hasa kama nyumbani mna mzee asiyeona au mtoto asiyejua kusoma. Na kazi ya robo saa ifanye sasa hivi, maana Xavery anapanga vizuri siku hizi, na mama yake hayupo.