Kiti cha Shule Shikizi

Kila asubuhi Dorkas alijaza maji kwenye kibuyu chirizi cha shule yao, karibu na Kinyangiri, kisha akashika daftari la Baraza la Afya. Alikuwa darasa la sita na katibu wa baraza hilo, umoja wa shule tano zilizokuwa zikipambana na vikope, ugonjwa wa macho. Ukatibu ni heshima, lakini wiki hizi mbili heshima hiyo ilikuwa imemlia soli za viatu.

Yote yalianza na binamu yake, Peniel, aliyesoma shule shikizi ya bondeni: madarasa mawili ya udongo, bado haijasajiliwa. Macho ya Peniel yalitoa tongotongo mchana kutwa. Muuguzi alipanga siku za dawa kwenye mikutano ya baraza, na katiba ilitaka wanachama wawe shule zilizosajiliwa. Basi akina Peniel hawakuitwa.

Mlezi wa baraza, Mwalimu Cecilia, alipata njia. "Waje kama watazamaji. Wakae, wasikilize, waseme wakiulizwa, ila wasipige kura. Lakini lazima shule zote tano zikubali. Kaziombe, mwanangu."

Shule yao ilikubali; zikabaki nne. Huku aliambiwa, "Leo shikizi, kesho mtatuletea chekechea." Kule shule ilikubali Jumatatu, ikakataa Jumatano, ikakubali tena Alhamisi. Mwishowe tatu zilikubali; Ijumaa ilibaki moja tu, ng'ambo ya mbuga, mwendo wa saa mbili. Dorkas alikaa juu ya jiwe, akatazama malengelenge ya kisigino chake. Alikuwa amechoka, amechoka kabisa. Akafungua daftari, akaandika: "Wamekubali."

Jumamosi wajumbe walinawa uso kwenye kibuyu chirizi, kama ilivyo desturi ya baraza, wakaingia darasani. Peniel alisubiri nje ya mlango. Dorkas aliposoma kwamba shule zote zimekubali, Anselm, mjumbe wa ile shule ya ng'ambo, alisimama.

"Samahani," alisema. "Kwetu hajafika mtu. Na sisi si watu wa kusemewa. Kama ni hivyo, tunakataa."

Dorkas alimwona Peniel akifuta macho kwa ukingo wa kitenge. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akasimama.

"Ni kweli, sikwenda. Nilichoka nikaandika uongo. Kosa ni langu, si la shule ya bondeni. Anselm, nakuomba leo kama nilivyopaswa kukuomba jana."

Anselm aliangalia kisigino cha Dorkas kilichofungwa kitambaa.

"Ungekuja jana ungepata na uji," alisema taratibu. "Tungekukubalia. Ng'ombe wetu na wao wanakunywa maji kwenye lambo moja, nzi wanaoleta vikope ni wale wale. Mdogo wangu naye anaumwa macho. Waingie."

Peniel alinawa uso, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Muuguzi akaandika shule ya sita: dawa Jumanne.

Mkutano ulipokwisha, Mwalimu Cecilia alitembea na Dorkas kuelekea nyumbani.

"Hata mataifa huhangaika hivi hivi," alisema. "Nchi isiyo mwanachama ikitaka kuketi kwenye mkutano wa dunia, wako watu wanaozunguka mlango hadi mlango kuiombea, pengine miaka. Nao huchoka. Kuchoka si kosa, Dorkas. Ungesema, tungekutafutia mwenzako. Lakini ukimsemea asiye na kiti, neno lako ndilo kiti chake. Likiwa la uongo, anayeanguka ni yeye."

Dorkas alisimama, akafunga upya kitambaa cha kisigino.

"Nimechoka, mwalimu," alisema.

"Haya," alisema Mwalimu Cecilia, akinyoosha mkono. "Lete hilo daftari nikupokee."