Coleta na Kabati la Chaki

Mwezi wa Julai Ufipa kuna baridi kweli. Upepo unapita kwenye mabua ya mahindi na kuingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Asubuhi moja Coleta aliamka mapema kuwasha moto. Mume wake, Leonidas, alikuwa nje anafungua ng'ombe. Binti yao Jenifer, mwanafunzi wa darasa la saba, alikunywa uji wa ulezi karibu na mafiga.

Nyumba hiyo ilikuwa na furaha mwaka huo. Tangu Januari Coleta alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini kwao, upande wa Mollo. Hapo hapakuwahi kuwa na mwalimu mkuu mwanamke. Leonidas aliitangaza habari hiyo mpaka mnadani. Mtu alikwenda kununua ng'ombe, akarudi na ng'ombe pamoja na habari za mke wa Leonidas.

"Mama Jeni, ufunguo umechukua?" Leonidas aliuliza.

"Ninao." Coleta aligusa pindo la kanga yake. Ufunguo wa kabati la shule ulikuwa umefungwa hapo, kama kawaida.

Kwao Coleta, kihenge cha mahindi ni cha mama wa nyumba. Yeye ndiye anayekifungua na kupima chakula cha siku. Hata baba akitaka mahindi, anaomba. Mama anayefikisha chakula mpaka mavuno mapya anasifiwa na majirani wote. Mama yake Coleta alikuwa hodari sana katika hilo, na Coleta alijifunza kwake. Basi alipopewa shule, aliiongoza vivyo hivyo. Chaki na vitabu vya walimu alivifungia kwenye kabati. Kila asubuhi walimu walisimama mlangoni kwake, naye akawagawia vipande vya chaki. Aliyeishiwa alisubiri kesho.

Usimcheke. Mwaka uliotangulia chaki za shule hiyo ziliisha kabla ya mtihani, na Coleta hakutaka jambo hilo lirudi. Nia yake ilikuwa njema. Lakini shule si kihenge, na walimu si watoto wa nyumbani.

Wiki hiyo Coleta aliitwa mjini Sumbawanga kwenye mkutano wa walimu wakuu. Alikwenda na kanga yake, na ufunguo ndani yake. Akalala huko huko.

Kesho yake alirudi na lori la mahindi, akashukia shuleni. Alipopita darasa la saba alimwona Mwalimu Suma akiandika hesabu ubaoni. Suma alikuwa kijana kutoka Mbeya. Hapakuwa na mwalimu wa hesabu kama yeye kata nzima. Lakini kilichokuwa mkononi mwake hakikuwa chaki.

"Mwalimu Suma, hicho ni nini?"

"Kopa, Mwalimu Mkuu. Muhogo mkavu."

"Unaandikia muhogo?"

"Chaki zimo kabatini. Makopa nimenunua kwa wachuuzi wanaotoka Kabwe, kule ziwani. Yanaandika vizuri tu."

Darasa likacheka. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameokota kipande chini na kukitafuna. Coleta aliona kwamba anadhihakiwa, na hasira zikampanda. Jioni, shule nzima ilipopanga mstari, alisimama mbele.

"Yupo mwalimu hapa anayegeuza darasa kuwa jiko," alisema. "Mwalimu Suma, mwenye njaa ale kwake. Hapa ni shuleni."

Wanafunzi walicheka sana. Suma alitazama chini.

Mstari ulipovunjika, Suma aliingia ofisini. Hakukaa.

"Mwalimu Mkuu, naomba uhamisho. Nikinyimwa, naacha kazi. Ndugu yangu Lwitiko anauza mitumba Tunduma. Ananisubiri."

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Walimu wengi walikuwa wanaacha kazi na kwenda sokoni. Coleta alijua kwamba Suma hatanii.

"Unaondoka kwa ajili ya muhogo?"

"Muhogo si kitu. Umenivunjia heshima mbele ya watoto ninaowafundisha. Kesho nikiwaambia wanyamaze, watanyamaza?"

Habari ilifika nyumbani kabla ya Coleta. Alimkuta Jenifer analia.

"Mama, mtihani ni Septemba. Mwalimu Suma akiondoka, nani atatufundisha hesabu? Mimi hesabu za sehemu nimezielewa kwake. Wenzangu pia."

Coleta alikaa kwenye kigoda, akaona shule yote inamponyoka.

"Nenda kwa mama Kristiana," Leonidas alimwambia. "Yeye amewaongoza walimu miaka mingi."

Kristiana alikuwa mratibu wa elimu wa kata. Aliishi jirani, nyuma ya kanisa. Coleta alimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, tuchambue pamoja."

Coleta alieleza yote. Kristiana alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kabla hujawa mkuu ulifundisha shule ya Kate, sivyo?" aliuliza. "Mkuu wako wa huko alikuwaje?"

Uso wa Coleta ulichangamka. "Yule mzee nilimpenda. Jenifer alipougua, darasa langu alilifundisha yeye mwenyewe. Nikikosea, ananiita pembeni, tunaongea wawili tu. Nikifanya vizuri, anasema kwenye kikao wote wasikie."

"Na chaki ulizipataje?"

"Nilizikuta mezani." Punje za maharage zilimponyoka mkononi.

"Unaona?" Kristiana alisema. "Majibu unayo. Walimu hawakutegemei uwaongezee mshahara, huna uwezo huo. Wanategemea wapate vifaa kwa wakati wafanye kazi yao. Wanategemea haki. Semina za mwaka huu amekwenda nani?"

"Mimi," Coleta alijibu kwa sauti ndogo.

"Zote?"

"Zote, mama."

"Basi hapo napo pa kurekebisha. Tena wanataka usikie maoni yao kabla hujaamua. Na wanataka uwe ngao yao mbele ya wanafunzi na wazazi."

"Sasa mwalimu akizembea, ninyamaze?"

"La. Mwambie, tena bila kuzunguka. Walimu hawapendi mkuu legelege hata kidogo. Lakini muulize kwanza, na mwambie faraghani. Ulimuuliza Suma kwa nini aliandikia muhogo?"

"Aliniambia. Sikumsikia."

"Basi."

Coleta alifikiri. "Kesho nitamwita ofisini nimwombe radhi."

"Ulimwaibisha ofisini?"

Coleta alijua alimwaibishia wapi.

Alirudi nyumbani na hofu. "Nikiomba radhi mbele ya wanafunzi, kijiji kitasema mwanamke ameshindwa shule," alimwambia mume wake.

"Watasema," Leonidas alijibu. "Mnadani nipo, nitawajibu. Wewe fanya lililo sawa."

Asubuhi wanafunzi walipanga mstari, wamejikunyata kwa baridi. Suma alisimama nyuma kabisa ya walimu wenzake. Coleta alikwenda mbele.

"Jana nilimsema vibaya Mwalimu Suma, na ninyi mkacheka. Nilikosea. Alikosa chaki kwa sababu nilizifungia, nikaondoka na ufunguo. Angeweza kukaa tu, mkapoteza siku. Alitafuta njia, akawafundisha. Huyo ndiye mwalimu hodari, na mimi ninajivunia kufanya kazi naye. Mwalimu Suma, naomba radhi."

Kisha aliinama na kupiga makofi taratibu, kama Wafipa wanavyofanya wanapompa mtu heshima. Hakuna aliyewahi kumwona mwalimu mkuu akimfanyia hivyo mwalimu wa kawaida.

Suma alikuja mbele. Yeye si Mfipa, lakini alikuwa amekaa Ufipa muda wa kutosha. Aliinama naye, akapiga makofi.

"Yamekwisha, Mwalimu Mkuu," alisema. Akawageukia wanafunzi. "Darasa la saba, ingieni. Jana hatukumaliza hesabu."

Wakaingia mbio, na hakuna aliyecheka.

Siku hiyo Coleta aliitisha kikao cha walimu. Aliacha kiti chake cha ofisini, akaketi kwenye benchi pamoja nao.

"Niambieni mnataka nini kwangu," alisema.

Mwanzoni walitazamana. Kisha Mwalimu Silvana, wa darasa la kwanza, alithubutu. Alisema paa la nyumba yake linavuja na alisharipoti mara kadhaa. Mwingine aliuliza kuhusu semina. Suma alisema kila mwalimu apewe chaki za wiki na aaminiwe kuzitunza. Walibishana kidogo, hasa juu ya zamu za kwenda semina, wakaelewana.

Coleta hakungoja. Kabati lilikabidhiwa kwa walimu wenyewe. Alizungumza na kamati ya shule, na wazazi wakaezeka upya nyumba ya Silvana kabla ya mvua. Leonidas alileta nyasi kwa mkokoteni wa ng'ombe, akiimba njia nzima. Semina iliyofuata alikwenda Silvana. Aliporudi, aliwafundisha wenzake yote aliyojifunza.

Coleta hakuwa laini. Mwalimu mmoja alipozoea kuchelewa, alimwita na kumwambia wazi. Yule mwalimu alikasirika siku mbili, kisha akaanza kuwahi. Na kuhusu chaki, utashangaa. Zilidumu kuliko zilipokuwa zimefungiwa, maana kila mwalimu alizitunza kama zake.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, shule ilipata wanafunzi wa kwenda sekondari wengi kuliko mwaka wowote. Jenifer alikuwa mmoja wao. Wazazi walipika na kuleta vyungu shuleni, na walimu ndio waliotangulia kunawa mikono.

Siku chache baadaye alikuja afisa elimu kutoka mjini. Alikutana na walimu wote.

"Nina shule haina mwalimu wa hesabu," alisema. "Mwalimu Suma, nilisikia uliomba kuhama. Jiandae."

Suma alisimama. "Niliomba, mzee. Sasa siombi tena. Naomba kubaki."

Afisa aliwatazama wengine. "Basi mwingine. Nani anataka kuhama?"

Hakuna aliyeinua mkono. Silvana alitazama dirishani kama hakusikia swali.

Afisa elimu alicheka. "Makubwa haya. Kwingine walimu wananisumbua niwahamishe. Hapa ninawabembeleza mimi, na wananikatalia. Mwalimu Mkuu, unasemaje?"

Coleta aliwatazama, mmoja mmoja. Furaha ilimjaa, wala hakujaribu kuificha.

"Samahani, mzee," alisema. "Hawa ni walimu wangu."