Mwanamke wa Kwenye Gari Kuukuu

Siku ya treni, stesheni ya Kigoma haina adabu. Mwaka huo wa sitini na tisa Honorata, muuza dagaa mwenye blauzi ya pinki na ulimi mwepesi, alisukumwa na kijana wa ovaroli. Kapu likamwagika, bahasha ya kijana ikafunguka, picha zikatawanyika. Kijana akazikimbilia!

"Kaka, dagaa wangu hao!"

"Samahani, dada. Hebu tazama gari hili kwanza. Linawashwa kwa kuzungusha hendeli. Ukizembea linakuvunja mkono."

Huyo ndiye Selestini, fundi wa karakana ya reli. Magari ya kale yenye taa za shaba, magurudumu ya njiti za mbao kama ya mkokoteni! Honorata akajikuta amekaa, akipokea picha moja moja, na dagaa wakasahauliwa.

Jumapili zikafuatana, wawili na bahasha yao, hadi Honorata alipogundua kuna picha moja Selestini haachi kuibusu kwa macho. Garini alikaa mwanamke mzuri mno.

"Nani huyu?"

"Nani? Ah! Picha ya zamani hiyo, kipenzi. Hata hatujazaliwa."

Honorata akaisogeza mwangani. Wivu ukampanda.

"Khanga ya Uhuru hii aliyovaa, yenye mwenge! Mama alipanga foleni kuinunua, mwaka sitini na moja. Ulikuwa hujazaliwa? Na kila Jumamosi unapokwenda Ujiji, unakwenda kwa nani?"

"Hilo... ni siri kidogo, mpenzi."

Siri! Honorata akaondoka na picha. Nyuma ya picha kulikuwa na muhuri wa studio ya Ujiji.

Jumamosi akavaa gauni la maua na viatu vya kisigino. Vitani hakuendwi na kandambili. Aliyefungua mlango wa studio alikuwa mwanamke yuleyule, mtoto mgongoni. Honorata akasahau salamu, akamuulizia Selestini.

"Mwakeye, dada," mwanamke akamsalimu kwa Kiha. "Selestini? Yuko uani."

Uani kulikuwa na gari lile, kuku wamelala kitini, miguu miwili ikichungulia chini yake.

"Mume wangu Bonaventura ndiye mpiga picha," akasema yule mama, Melania. "Maharusi wote wa Ujiji hukaa humu. Selestini kaapa liwake kabla ya harusi yake."

Selestini akatoka, uso umejaa grisi. Honorata akamwonyesha picha, kisha akamnyooshea Melania kidole.

"Ni yeye?" Selestini akaduwaa. "Miezi minne nala ugali wake! Mimi nilitazama taa tu."

Honorata akacheka huku machozi yakimtoka. Akapanda garini, akafukuza kuku. Selestini akamsihi Bonaventura amwachie kamera, abonyeze mwenyewe.

Wiki iliyofuata akaleta picha. Ilikuwa uso wa Honorata, maua ya gauni, na ncha ya bati pembeni.

"Gari liko wapi?"

Selestini akaishika, akaigeuza, akalitafuta gari kwa dhati kabisa.

"Sikuliona," akasema.

Honorata akaitia picha kifuani.

"Basi kamwone baba."