Mstari Ndani ya Duara

Picha ya Bwana Horace Lumb ilitundikwa ukumbini Jumatatu saa tatu asubuhi. Kufika saa tano, ukumbi mzima ulikuwa unanuka tumbaku ya kiko.

Doreen Staniforth, mkutubi wa Shule ya Sekondari ya Marl Bank, alisimama mlangoni na boksi la vitabu kifuani, akanusa mara ya pili. Hakuna aliyevuta kiko ndani ya shule ile kwa miaka mingi. Wala hakukuwa na mtu ukumbini, ila viti, piano, na yule mzee pichani, kakaa kitini na joho lake jeusi, bakora imelala mapajani kama paka.

"Mshenzi wewe," Doreen alimwambia, wala hakupunguza sauti. Alikuwa na miaka sitini na mitano, amebakiza miezi michache astaafu, na kwa mtu huyu hakuwa na adabu ya kumtunzia.

Sababu alikuwa nayo. Mwaka 1962, Lumb akiwa mkuu wa shule, dada yake Doreen, Brenda, msichana wa miaka kumi na mitatu, alithubutu kumwambia mbele ya darasa kwamba amemchapa mtoto asiye na kosa. Lumb akamburuta hadi chini ya jengo, akamfungia katika stoo ya makaa kando ya boila. Ilikuwa Ijumaa mchana. Kisha akaenda zake kwenye karamu ya wanafunzi wa zamani, akala, akanywa, akasahau.

Jioni ile mama yao alikuja shuleni akiulizia mtoto, kamshika Doreen mkono. Doreen alikuwa na miaka minane. Walimkuta Lumb mlangoni anavaa koti.

"Hayupo huyo," Lumb alisema. "Mchana hakuonekana darasani. Mtafuteni huko kwenu."

Ndipo Doreen akasikia ngo, ngo, ngo kutoka chini ya sakafu. Akavuta koti la mama. "Mama, kuna mtu anagonga."

"Mabomba tu hayo, mpenzi," Lumb alisema, akazima taa.

Brenda alikutwa Jumatatu. Moshi wa boila ulikuwa umemmaliza. Wakubwa wakakaa wakaandika kwamba mtoto alitoroka masomo akajificha mwenyewe, na mama yao akaingia kaburini na neno hilo, mama wa mtoro. Doreen hakusomeshwa pale, mama aliapa. Alikuja mwenyewe ukubwani, akaomba kazi ya maktaba, akakaa miaka thelathini na moja akitafuta karatasi moja tu.

Aliipata mwaka huu. Shule ilikuwa inatimiza miaka mia, na mkuu wa sasa, Toby Fairclough, alimpa Doreen kazi ya kuandika kitabu cha historia yake na watu wake mashuhuri: jaji, wacheza kriketi wawili, na bibi mmoja aliyebuni visu vya madaktari wa upasuaji. Katika sanduku la bati Doreen akakuta daftari la mahudhurio la darasa la Brenda. Shuleni pale aliyekuwepo alitiwa mstari, asiyekuwepo alitiwa duara. Mbele ya jina la Brenda, Ijumaa ile mchana, palikuwa na mstari wa wino wa bluu, wa mwalimu wa darasa. Juu yake pamezungushwa duara la wino wa kijani. Na shule nzima ilijua kwamba wino wa kijani ulitumiwa na mtu mmoja tu, mkuu wa shule.

Aliweka ukurasa ule kitabuni. Jumanne Fairclough akamwita.

"Doreen mpenzi, nimeutoa."

"Umeutoa nini?"

"Ule ukurasa. Ni sherehe. Wanafunzi wa zamani ndio wanaotujengea ukumbi mpya, na wanataka uitwe Lumb. Geoffrey Platts, mwenyekiti wao, kalileta hilo mwenyewe. Na Ijumaa kwenye Mwito, jina la Lumb ndilo la kwanza."

Mwito ulikuwa desturi yao ya kila mwaka. Mkuu husoma majina ya waliokufa, na watoto wote mia tisa huitikia kwa pamoja, "Yupo!"

"Toby," Doreen alisema, "yule mtu aliua mtoto."

"Hatuna hakika. Ni duara tu, Doreen."

Alitoka pale bila kuaga, maana angekaa angemrushia kikombe. Maktabani alimkuta Iqra, binti wa kidato cha pili, kasimama peke yake, kiganja kakikunjia kifuani.

"Madamu, nimechapwa."

"Na nani?"

"Sijui. Nilikuwa ukumbini nafanya mazoezi ya piano. Nikasikia kitu kinapiga hewa, fyuu. Hakukuwa na mtu, Madamu. Wallahi hakukuwa na mtu."

Akafungua kiganja. Mistari miwili myekundu, imevimba, imepita katikati. Mtoto alikuwa ananuka kiko.

Doreen alimpeleka jikoni kwa bibi yake, Nasreen, aliyepika pale shuleni miaka ishirini. Nasreen alikuwa anakoroga kastadi. Alikitazama kiganja cha mjukuu wake, akanusa nywele zake, akazima jiko.

"Ile picha," alisema polepole. "Nilijua. Leo asubuhi maziwa yameganda mara mbili."

"Ni mzimu wake?"

"Mzimu, jini, liite utakavyo. Kuna kitu kimepata uso wa kuvaa. Lakini nyinyi nanyi, dada yangu! Mnaita wafu kwa majina, halafu watoto wanaitikia kwamba wapo! Kwetu Mirpur bibi yangu angewachapa na mwiko. Sasa hivi anabipu tu. Ijumaa watoto mia tisa wakimwitikia, amekaribishwa. Hatoki tena."

"Anatolewaje?"

"Mimi nitasoma ninachojua kusoma," Nasreen alinong'ona. "Lakini huyu ni wenu, Doreen. Uovu wake aliufanya kwa kalamu. Mfuateni huko huko."

Kufika Alhamisi watoto kumi na wanne walikuwa na alama viganjani. Fairclough akasema ni mchezo wa mtandaoni. Akawaandikia wazazi barua kuhusu mchezo wa mtandaoni! Doreen aliisoma akaichana vipande vipande mbele ya karani wake.

Ijumaa saa tano asubuhi ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wanafunzi wa zamani na tai zao za mistari, wazee wa miaka sabini na themanini, Geoffrey Platts katikati. Nje kulikuwa na mvua nyembamba, taa zimewashwa mchana. Nasreen alisimama mlango wa nyuma na aproni yake, midomo ikicheza. Doreen alikaa pembeni, daftari kalikumbatia kwa mikono miwili.

Fairclough akapanda jukwaani, akakohoa. "Horace Lumb," akasoma.

Watoto wakavuta pumzi waitikie, na katika pumzi ile ile harufu ya kiko ikashuka juu ya vichwa vyao nzito kama blanketi lililolowa, na fyuu ikapita hewani safu ya kwanza, ikapita safu ya pili, na nyuma yake, pasipo hata dawati moja mle ndani, vikasikika vifuniko vya madawati vikijipiga pa, pa, pa kama darasa zima limesimama kwa hofu, na watoto, macho yamewatoka, hakuna aliyewaamuru, wakaanza kuinua mikono yao ya kulia, viganja juu, mmoja, kumi, mia, mia tisa, na mbele yao wale wazee wenye tai nao wakainua yao inayotetemeka, wakilia kimya kimya kama walivyolia walipokuwa wadogo, na pichani kile kiti kikalia kwii, kama kiti kinavyolia mtu mzito anapotaka kunyanyuka.

Mkono wa Doreen nao ulitaka kuinuka. Akaubana kwenye daftari. Hofu alikuwa nayo, lakini hasira ya miaka hamsini na saba ilikuwa imetangulia kufika.

"Hayupo!" alipaza sauti.

Akapanda jukwaani, akampokonya Fairclough ile orodha, akatoa kalamu mfukoni, na mbele ya jina la Lumb akazungusha duara la kijani. "Hayupo! Hayupo huyo! Msimwitikie!"

Kisha akafungua daftari. Akasoma kwa sauti. "Februari 1962. Ijumaa mchana. Brenda Staniforth."

Watoto hawakulijua jina lile. Ndipo kutoka chini ya sakafu, kupitia matundu ya joto kando ya ukuta, ikapanda sauti ya msichana, ina kikohozi ndani yake.

"Nipo, bwana."

Iqra ndiye aliyeanza, kisha wote, ukumbi ukatetemeka. "Yupo!"

Kitu kilianguka jukwaani. Ilikuwa ile bakora, ya kweli, imevunjika vipande viwili. Kutoka pale zikasikika hatua nzito zikivutwa, zikiburutwa, zikapita katikati ya viti, zikashuka ngazi za chini ya jengo. Mlango ukabamizwa. Ufunguo ukazunguka.

Pichani kiti kilikuwa kitupu.

Geoffrey Platts alikuwa bado kanyoosha mkono. "Nilikuwa kiranja wa darasa," alisema, machozi yakimtiririka hadi kwenye tai. "Ufunguo niliupeleka ofisini mimi. Nilimsikia akigonga, Doreen. Nilikuwa mtoto."

"Naye pia," Doreen alisema. "Utasimama Jumatatu uwaambie hivyo watu wa magazeti. Na ukumbi utaitwa jina lake."

Hakungoja jibu. Alishuka ngazi. Stoo ya makaa siku hizi iliwekwa viti vibovu, na mlango wake haukufungwa miaka mingi, kwa kuwa ufunguo ulipotea. Sasa ulikuwa umefungwa kutoka nje, na ufunguo umening'inia kwenye kitasa, umejaa alama za vidole vidogo vya masizi. Doreen akauchomoa. Ulikuwa na joto la mkono.

"Haya, dada," alisema. "Nenda kapumzike."

Alasiri alikuwa ofisini anavaa koti Fairclough alipoingia mbio, uso mweupe kama chaki. Chini ya miguu yao palisikika ngo, ngo, ngo.

"Doreen, kuna mtu mle stoo! Anagonga tangu mchana, analia kama mtoto, anaomba afunguliwe! Ufunguo uko wapi?"

Doreen aliusikia ule ufunguo mfukoni, bado una joto. Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha juu.

"Mabomba tu hayo, mpenzi," alisema, akazima taa.