Picha za Giza

"Nani ananipiga picha?" Batulo aliuliza kutoka kwenye kiti chake, ingawa kamera ilikuwa imefunikwa.

Mvua ilikuwa imemfukuza bintiye, Kawsar, kutoka kwenye paa la ghorofa yao katika mtaa wa Mowlem, Nairobi. Alikuwa akipiga picha, kwa kamera iliyofungwa kwenye darubini, nebula, wingu jekundu la gesi lililo mbali kati ya nyota, kupitia kichujio kinachozuia mwanga wa mulika mwizi, zile taa ndefu za mtaani. Kazi iliyobaki ingefanyika sebuleni: darubini inafunikwa, kamera inapiga giza tupu, kisha kompyuta inaliondoa giza hilo kwenye picha za angani, pamoja na kasoro zote za kamera. Aliiweka darubini na kamera yake juu ya stuli, ikaelekea kiti cha mama. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Ingeona nini?

"Niaje, umepata mume huko juu?" kaka yake Zakariye alimtania. "Maana hapa mtaani wamekataa."

Nebula ilitoka safi, nyekundu kama makaa. Lakini chumba kilinuka kiberiti kilichozimwa, na asubuhi Batulo alishika sufuria ya chai inayochemka kwa mikono mitupu, akaitua mezani polepole, ngozi ikabaki kwenye sufuria, naye hakukunja hata uso.

Zahanati ilimfunga bandeji. Majirani walisema ni jini, limeletwa na msichana anayekesha paani. Fundi wa tangi hupanda paa hilohilo usiku, mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna aliyewahi kumwuliza ameshuka na nani.

Sheikh Muse akaitwa. Alisoma, akapuliza maji, akasoma tena hadi sauti ikamkauka, na Batulo akakaa tu, macho wazi, akijibu kila alichoulizwa kwa neno moja: sawa. Sheikh akamvuta Kawsar kando, akanong'ona.

"Hakuna jini ndani yake, binti yangu. Na yeye mwenyewe hayumo."

Kawsar hakulia. Aliwasha kompyuta, akafungua zile picha za giza ambazo hakuwahi kuzitazama, maana giza hutazamwa na nani, na katika ya kwanza kulikuwa na kiti kitupu, na katika iliyofuata mama yake amekaa kitini, na katika nyingine amesimama na nyuma yake kimeinama kitu kirefu kisicho na uso, vidole vyake vimemziba mdomo, na katika ya mwisho mama alikuwa karibu kabisa, viganja vyote viwili vimebanwa kwenye kioo kwa ndani, vizima, havijaungua, na nyuma ya mgongo wa Kawsar yule aliyekuwa kitini akasema "sawa" bila kuulizwa kitu.

Zakariye alichungulia, akaona kile kitu kirefu tu. Aliinyakua kompyuta, akachagua picha zote, akisema kwamba jini limo humo na leo linaondoka. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe.

"Zakariye," Kawsar alisema, "mama yumo humo. Naomba usifute."